Mbwa akihangaika usiku kucha, ana jambo la kueleza

USIKU unapotanda katika vitongoji vya Ukunda, Tiwi na Msambweni, kelele za mchana hupungua moja baada ya nyingine. Matatu za kutoka Likoni huwa chache, maduka hufungwa, na upepo wa baharini husikika ukipenya katika makuti na minazi. Ndipo inapoanza sauti nyingine. Mbwa mmoja hubweka, wa jirani humwitikia, na baada ya muda mfupi mtaa mzima umeamshwa. Asubuhi mwenye mbwa huamka na macho mekundu, majirani hawamsalimu kwa bashasha, na mbwa mwenyewe amelala fofofo chini ya mwembe kana kwamba hakuna lililotokea.

Hii si kero ndogo. Huvunja ujirani mwema, humfanya mwenye mbwa amchape au amfunge mnyororo usiku na mchana, na wakati mwingine huyakatiza maisha ya mnyama huyo kwa kipande cha nyama kilichotiwa sumu na kurushwa juu ya ua. Isitoshe, mbwa anayebweka kila dakika humzoesha bwana wake kutomsikiliza. Siku mwizi atakapofika kweli, kelele zake zitahesabiwa kuwa zile zile za kila siku. Debe tupu haliachi kuvuma, na hakuna anayeondoka kitandani kwa sababu ya debe tupu.

Hata hivyo, mbwa hakeshi kwa ukorofi wala kwa kisasi. Daima huwa ipo sababu, na nyingi ya sababu hizo zaweza kuondolewa nyumbani bila ya gharama kubwa. Linalohitajika ni mwenye mbwa kuzitafuta kwa utaratibu, akianza na zile zinazohatarisha maisha, kabla ya kushika fimbo.

Usingizi wa vipande vipande

Mbwa aliyekomaa hulala takriban saa 12 hadi 14 katika kila saa 24, lakini halali kwa mkupuo mmoja kama binadamu. Mwaka wa 1993, watafiti G. J. Adams na K. G. Johnson wa Australia walichapisha matokeo ya uchunguzi wao kuhusu mienendo ya mbwa nyakati za usiku. Walieleza kwamba, kwa wastani, mbwa alilala kwa dakika 16 kisha akawa macho kwa dakika 5, na mzunguko huo ukajirudia tena na tena.

Maana yake ni kwamba mbwa kuzinduka mara nyingi usiku ni jambo la kawaida. La kuulizwa ni kwa nini, baada ya kuzinduka, hakurejea usingizini. Mbwa mwenye afya, aliyeshiba, aliyechoshwa na shughuli za mchana na anayejiona salama huinua kichwa, hutega sikio, hunusa upepo, kisha hukilaza kidevu chake juu ya miguu. Mwenye jambo linalomsumbua huinuka, huzunguka, hujikuna, hulialia na kubweka, na kila sauti itakayomfikia humpa sababu ya kuendelea.

Na sauti zinazomfikia ni nyingi. Sikio la binadamu hupokea mitetemo isiyozidi 20,000 hivi kwa sekunde, ilhali la mbwa hufikia yapata 45,000. Hivyo basi, mbwa anayeonekana kulibwekea giza tupu huenda amesikia panya katika mapaa ya makuti, au komba aliye juu ya mti shamba la tatu kutoka hapo.

Ni vyema pia kulielewa lengo. Katika Kaunti ya Kwale, wengi hufuga mbwa ili walinde boma, mbuzi na mahindi. Mbwa asiyebweka kabisa ni hasara kwa familia kama hiyo. Anayetakiwa ni mbwa apumzikaye vya kutosha na kubweka panapo sababu.

Daftari la siku saba

Hatua ya kwanza haihitaji fedha. Mwenye mbwa achukue daftari na kwa siku 7 aandike mambo manne: saa ambayo mbwa alianza kuhangaika, alichokuwa akifanya, chakula alichokula na saa aliyokila, na yaliyokuwa yakitendeka mtaani wakati huo.

Juma likiisha, mpangilio utajitokeza. Anayehangaika saa ile ile kila usiku aghalabu huitikia jambo la nje, kama vile mlinzi wa zamu anayepita au bodaboda inayomrejesha mfanyakazi wa hoteli. Anayejikuna na kujiramba kutwa kucha ana wadudu au maradhi ya ngozi. Anayeinuka mara mbili au tatu na kuelekea mlangoni huenda tumbo au kibofu kinamsumbua. Na anayeanza kulia pindi taa za nyumba zinapozimwa yamkini anaogopa upweke.

Daftari hilo pia litamsaidia daktari wa mifugo. Mbwa hana kinywa cha kueleza anapoumwa. Kumbukumbu zilizoandikwa humsemea.

Kuwashwa na kuumwa

Maradhi ndiyo ya kuondolewa shaka mwanzo, kwani hakuna mafunzo yatakayomtuliza mnyama mwenye maumivu. Katika joto na unyevunyevu wa Pwani, viroboto na kupe huzaana mwaka mzima. Wengi humwosha mbwa dawa, wakashangaa siku chache baadaye kuwaona viroboto wamerejea. Siri ni kwamba sehemu kubwa ya viroboto haiko mwilini mwa mbwa. Mayai na mabuu yao yamo katika gunia analolalia, katika mchanga wa kibandani na katika nyufa za sakafu. Bila ya kufua matandiko kwa maji ya moto, kuyaanika juani na kufagia malazi yote, dawa ni sawa na kutwanga maji kwenye kinu.

Kupe nao hawaishii katika kuwasha. Huambukiza maradhi ya damu ambayo dalili zake ni homa, unyonge, kukosa hamu ya kula na fizi kupauka. Mbwa wa aina hiyo hutweta usiku hata kukiwa na baridi.

Kisha kuna funza. Mdudu huyu hupenda vumbi na mchanga mkavu, na huingia katika nyayo na baina ya vidole vya mbwa kama aingiavyo katika miguu ya watu. Mbwa anayeramba na kuuma nyayo zake usiku kucha achunguzwe vidole kimoja kimoja kwa mwangaza wa tochi. Jambo hili linaihusu familia nzima: malazi ya mbwa mwenye funza ni chimbuko la funza wanaowaingia watoto wachezao pekupeku katika ua ule ule. Anayemtibu mbwa huwa amewatibu watoto pia.

Kwa wanaoishi karibu na Hifadhi ya Shimba Hills, pana hatari nyingine. Eneo hilo limejulikana kwa miaka mingi kuwa makao ya mbung'o, na ugonjwa wa nagana wanaoueneza hauwaui ng'ombe pekee. Mbwa aliyeambukizwa hupatwa na homa, hukonda, na mara nyingi macho yake huingia ukungu mweupe. Anayeona vibaya huogopa kila kivuli, na hofu hiyo huzidi kiza kinapoingia. Afikishwe kwa daktari wa mifugo mara moja, kwa sababu bila ya matibabu ugonjwa huu huua.

Sababu nyingine za ndani ya mwili ni minyoo, maumivu ya masikio, vidonda vilivyofichwa na manyoya, na maumivu ya viungo. Mbwa anayekunywa maji kupita kiasi na kukojoa mara kwa mara usiku huenda ana kisukari au maradhi ya figo.

Tahadhari ni muhimu katika matibabu. Dawa ya kuogeshea ng'ombe haifai kupimwa kwa macho na kumwagiwa mbwa, kwani ikizidi humtia sumu. Baadhi ya dawa za viroboto zinazomfaa mbwa huwaua paka, na nyumba nyingi za Pwani hazikosi paka. Vidonge vya binadamu vya kutuliza maumivu, kama vile paracetamol na ibuprofen, vyaweza kuharibu ini, figo na tumbo la mbwa. Kadhalika, dawa za usingizi za watu na pombe havistahili kamwe kutumiwa kumlaza.

Mabadiliko ya ghafla

Ipo hali moja isiyovumilia siku 7 za daftari. Mbwa aliyekuwa mtulivu akibadilika ghafla, akawa hatulii, anazurura usiku, anauma vitu ovyo, sauti yake ya kubweka imegeuka, anatokwa na udenda au anashindwa kumeza, huenda amepatwa na kichaa cha mbwa. Wengine huwa kinyume: mbwa mkali huwa mpole kupita kiasi na kutaka kushikwashikwa. Asikaribiwe, na mkono usitiwe kinywani mwake kwa kudhani amekwamwa na mfupa. Afungiwe mahali asipoweza kumfikia mtu wala mnyama ikiwa hilo linawezekana bila ya hatari, na afisa wa mifugo aitwe.

Ugonjwa huu ulithibitishwa nchini Kenya kwa mara ya kwanza mwaka wa 1912, katika mbwa aliyepatikana viungani mwa Nairobi. Zaidi ya karne moja baadaye bado unaua. Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa watu wapatao 59,000 hufariki kila mwaka duniani kutokana nao, wengi wao barani Afrika na Asia, na takriban visa 99 kati ya 100 vya binadamu hutokana na mbwa. Dalili zikishajitokeza kwa mtu, karibu hakuna anayepona.

Aliyeumwa, au aliyerambwa penye jeraha, aoshe kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitalini siku iyo hiyo akachanjwe. Wakazi wa upande wa kusini wana Hospitali ya Rufaa ya Kaunti iliyoko Msambweni. Kwenda kwa mganga kwanza au kungoja kuona kama mbwa atakufa ni kucheza na uhai.

Kinga yenyewe ni sindano moja ya chanjo kwa mbwa, inayorudiwa kila mwaka. Mpango wa kitaifa wa kuangamiza vifo vya binadamu vitokanavyo na kichaa cha mbwa, uliowekewa muda wa 2014 hadi 2030, unategemea kuchanjwa kwa angalau asilimia 70 ya mbwa wote. Huduma za mifugo zilihamishiwa kwa serikali za kaunti mwaka wa 2013, kwa hivyo ofisi ya mifugo iliyo karibu ndipo pa kuulizia siku za chanjo. Mwenye cheti cha chanjo mkononi hupata utulivu wa moyo mbwa wake anapohangaika usiku: bado atatafuta sababu, ila woga mkubwa umepungua.

Malazi ya kizingitini

Ikiwa mbwa hana ugonjwa, yatazamwe malazi. Ushauri mwingi unaoandikwa ng'ambo humtaka mwenye mbwa amlaze chumbani au hata kitandani. Ushauri huo hauwafai wakazi wengi wa Kwale. Waislamu wa Pwani kwa kawaida hufuata madhehebu ya Shafi, yanayohesabu mate ya mbwa kuwa najisi na kutaka chombo alichokiramba kioshwe mara 7, mojawapo kwa udongo. Madhehebu hayo hayo huruhusu kufuga mbwa wa kuwinda, wa kulinda mifugo na wa kulinda mazao.

Kumlaza mbwa nje, kwa hivyo, hakumaanishi kumtupa. Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim inasimulia kuhusu mtu aliyesamehewa dhambi zake kwa kumnywesha mbwa aliyekuwa taabani kwa kiu. Nayo Sura ya 18 ya Kurani, Al-Kahf, humtaja mbwa aliyenyoosha miguu yake ya mbele kizingitini mwa pango walimolala vijana waliokimbilia humo. Kizingitini ndipo mahali panapomfaa zaidi mbwa wa nyumbani: nje ya chumba, lakini karibu na watu wake kiasi cha kusikia pumzi zao.

Mbwa ni kiumbe wa kundi. Anayefungwa pembe ya mwisho ya shamba, mbali na sauti za watu, hubweka kuliita kundi lake. Kibanda kikisogezwa hadi ukutani mwa nyumba, karibu na dirisha au baraza, mbwa wengi hutulia katika usiku chache.

Kibanda chenyewe kiezekwe kwa makuti. Mabati hunyonya jua mchana kutwa na kukifanya kibanda kuwa tanuri hadi saa za usiku, hasa katika miezi ya kaskazi baina ya Desemba na Machi. Mbwa hatokwi na jasho mwilini kama binadamu. Hupoza mwili hasa kwa kutweta, na anayetweta hawezi kulala. Sakafu iinuliwe kutoka ardhini kwa mbao ili hewa ipite chini na maji ya mvua yasimfikie. Masika yanapokuja na upepo wa kusi, upande wa kusini uzibwe na mlango uelekee kwingine. Mlango usielekezwe langoni wala njiani, kwani mbwa anayeona kila mpita njia hujipa zamu isiyokwisha.

Maji safi yawepo usiku na mchana. Wapo wanaoyaondoa jioni ili mbwa asikojoe. Katika joto la Pwani huo ni ukatili. Chakula kikuu kitolewe saa 3 hivi kabla ya muda wa kulala, kisha mbwa apelekwe kujisaidia. Ugali mtupu hautoshi; utiwe dagaa waliochemshwa, maini au nyama. Wali uliochacha na mabaki yenye mafuta mengi huleta tumbo la kuendesha, na mifupa iliyopikwa pamoja na miiba mikubwa ya samaki yaweza kumkwama au kumtoboa utumbo.

Mchana wa kazi, usiku wa usingizi

Desturi iliyoenea ni kumfungia mbwa tangu alfajiri hadi magharibi, kisha kumwachilia alinde. Mnyama huyo huwa amelala mchana kutwa kwa kukosa la kufanya. Saa 2 usiku nguvu zake ndipo zinapoanza, na hana pa kuzitumia isipokuwa katika kukimbia huku na huko na kubweka.

Dawa yake ni matembezi. Nusu saa asubuhi na nusu saa jioni, akiwa amefungwa kamba, huweza kubadilisha usiku wa mbwa kuliko adhabu yoyote. Matembezi yawe kabla ya saa 3 asubuhi au baada ya saa 11 jioni, kwani mchanga wa adhuhuri huunguza nyayo. Kwa wakazi wa Diani, Galu na Gazi, ufuo maji yanapokupwa ni uwanja usio na malipo. Lakini kamba isilegezwe: kasa hutaga mayai katika fukwe hizi, na mbwa aliye huru hufukua viota vyao.

Pua nayo ifanyishwe kazi. Vipande vya chakula vikifichwa chini ya vifuu, nyuma ya mti au ndani ya nyasi, mbwa atavisaka kwa robo saa na kuchoka kama aliyetembea mbali. Mbwa wa ulinzi apewe pia saa za kupumzika mchana mahali penye kivuli na kimya. Mlinzi asiyelala kabisa hawi hodari. Huwa na hasira na makosa mengi.

Ama mnyororo, hauleti utulivu. Mbwa aliyefungwa hawezi kukimbia wala kusogelea anachokiogopa, kwa hivyo hubaki na silaha moja tu, sauti. Ikiwa hapana ua na lazima afungwe, kamba ndefu inayoteleza juu ya waya uliotandazwa kati ya miti miwili humpa nafasi ya kutembea. Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360 ya sheria za Kenya, inamlinda mbwa kama inavyomlinda punda.

Dume anayezurura na kulia usiku kucha huenda amenusa jike aliye tayari kupandwa. Hali hiyo hurudi kila mara hadi ahasiwe. Kuhasiwa hupunguza uzururaji na mapigano, na hupunguza pia watoto wa mbwa wasio na mwenyewe, ambao ndio huishia kubweka majaani.

Komba, fataki na ngoma ya daku

Usiku wa kusini mwa Pwani una wenyewe. Katika miti ya Diani na Kinondo, komba hulia kama mtoto mchanga. Mashambani, nguruwe mwitu huja kufukua mihogo. Mbwa anapobwekea nguruwe aliye shambani ametimiza wajibu, na anastahili kusifiwa. Anapobwekea komba aliye mtini usiku mzima, anahitaji kufundishwa kwamba sauti ile si habari.

Mafunzo yenyewe ni mepesi, ingawa yanataka subira. Mbwa abwekapo, asipigiwe kelele kutoka dirishani. Kwake yeye, bwana anayepaza sauti amejiunga na kubweka. Mwenye mbwa atoke, atazame kweli kule mbwa anakotazama, kisha aseme neno moja kwa sauti ya chini, kama vile "basi". Mbwa akinyamaza hata kwa pumzi mbili tatu, apewe kipande kidogo cha chakula papo hapo. Neno liwe lile lile kila mara, na kila mtu wa nyumbani alitumie. Zoezi hili lianze mchana, penye visababu vidogo, kabla ya kutegemewa usiku.

Chakula kisitolewe mbwa angali anabweka, hata kama mtu amechoka, kwani huko ni kununua kelele. Vivyo hivyo, aliyezoea kutokewa kila anapolia bila ya sababu atalia zaidi katika siku chache za kwanza za kunyimwa. Wengi hukata tamaa hapo, wakamfundisha kwamba akilia kwa muda mrefu zaidi atashinda. Mchelea mwana kulia hulia yeye.

Kelele zisizozuilika, kama vile radi za masika, fataki za mwaka mpya katika hoteli za ufuoni, muziki wa harusi au ngoma ya daku mwezi wa Ramadhani, huandaliwa mapema. Siku hizo mbwa atembezwe zaidi, alishwe mapema na aingizwe mahali penye kuta na mlango uliofungwa, kama vile stoo au banda la mbuzi. Fauka ya hayo, mbwa aliyetishwa na fataki huvunja ua na kupotea. Kumpapasa aliyejawa na hofu hakumdekezi; humtuliza.

Wachanga na wazee

Mtoto wa mbwa hafai kutenganishwa na mamaye kabla ya kutimiza majuma 8. Usiku wake wa kwanza ugenini ni wa kilio, naye ana haki ya kulia. Kitambaa chenye harufu ya mama na ndugu zake kikiwekwa malaloni, na mtu akilala karibu naye barazani kwa usiku tatu au nne, hofu hupungua. Kibofu chake ni kidogo. Mwenye umri wa miezi 3 hujizuia kwa takriban saa 3 tu. Apelekwe nje bila ya mazungumzo wala michezo, kisha arejeshwe. Samaki mkunje angali mbichi: tabia za usiku hujengwa katika miezi hiyo.

Mbwa mzee naye huweza kupoteza hesabu ya usiku na mchana. Hulala jua likiwaka na kuzungukazunguka usiku, akakwama pembeni mwa ukuta kana kwamba amesahau njia. Hilo ni badiliko la ubongo linalotokana na umri, wala si ukaidi. Taa ndogo karibu na malazi, mkeka mzito kwa ajili ya viungo vyake, matembezi mafupi ya jioni na kutobadilisha mahali pa vyombo vyake humpunguzia wasiwasi. Daktari wa mifugo anaweza kumwandikia dawa za maumivu zinazomfaa.

Pamoja na hayo yote, majirani wasisahauliwe. Mwenye mbwa anayebisha hodi kwa jirani, akaeleza kuwa ameiona kero na ameanza kuishughulikia, hununua muda ambao fedha haziwezi kuununua. Nyama ya sumu aghalabu hurushwa na mtu aliyeamini kwamba hakuna anayejali.

Usiku wa Kwale hautakosa sauti, na mbwa hataacha kuzisikia. Lakini aliyechanjwa, aliyetolewa kupe na funza, aliyetembezwa jioni na kulazwa penye upepo karibu na watu wake, huinua kichwa, husikiliza, kisha hulala tena. Na usiku ambao hatalala tena, akasimama na kubweka kwa nguvu, wenye nyumba watajua kwamba wakati umewadia wa kuwasha taa.